Furaha Isiyokumbukwa

Yako maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti ndogo, kwa kuwa waona haya kuyauliza mbele ya wengi. Mojawapo ni hili: Je, yafaa nini kumfurahisha mtu ambaye baada ya saa moja hatakumbuka ya kuwa alifurahishwa? Huliuliza binti aliyeketi na mama yake mchana kutwa, wakichambua mchele na kuimba, kisha jioni akamsikia mama akimwambia jirani ya kuwa tangu asubuhi hakuja mtu kumtazama. Wala si swali la wavivu. Mwenye kuliuliza mara nyingi ni mtu aliyechoka, tena ametenda mema mengi kabla ya kuchoka. Basi twataka kulitazama kwa utaratibu, maana jawabu lake ndilo litakalotuonyesha wazee hawa wapewe kazi gani na michezo gani, na ni mtu wa namna gani afaaye kuwaongoza.

Habari za ugonjwa wenyewe tutazisema kwa maneno machache. Matabibu huuita dimenshia. Si uzee mtupu, kwa kuwa wako wazee wengi wafikao miaka 90 na akili zao ni timamu. Ni ugonjwa wa ubongo, na aina yake iliyo nyingi kuliko zote huitwa kwa jina la Alois Alzheimer, tabibu Mjerumani, aliyeeleza habari za mgonjwa wake mmoja mbele ya matabibu wenzake katika mji wa Tübingen mwaka 1906. Ziko dawa zinazoupunguza mwendo wake kidogo. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hauletwi na laana, wala hauletwi na uchawi, na yeyote amnyosheaye kidole jirani kwa sababu ya ugonjwa huu amdhulumu mtu asiye na hatia. Wako pia wadhanio ya kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. La, sivyo. Mwaka 2010, katika vijiji vya Wilaya ya Hai, penye mlima Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona ya kuwa watu kama 6 katika kila 100 wa umri huo wanao. Wahenga walituambia ya kuwa penye wazee haliharibiki neno. Walakini hawakutuambia tufanyeje neno likimharibikia mzee mwenyewe kinywani.

Sasa na tuwasikilize kwanza wasemao ya kuwa kazi hii ni bure, wala tusiwadharau. Husema hivi: Furaha ni hazina kwa sababu huwekwa. Arusi ya mwaka juzi yatufurahisha hata leo, kwa kuwa twaweza kuikumbuka na kuisimulia. Na mgeni aliyekuja kututazama tukiwa wagonjwa hutufariji tena kila tumkumbukapo. Lakini furaha ya mtu huyu ni maji yaliyotekwa kwa pakacha. Kabla hujafika mlangoni yamekwisha. Tena nguvu zetu ni chache. Wako watoto wasiojua kusoma, wako vijana wasio na kazi. Je, si afadhali mwalimu aende kwao watakaoyakumbuka aliyowafundisha? Ndivyo wasemavyo, na mtu mwenye shamba dogo na jembe moja aweza kuwaelewa sana.

Jawabu la kwanza lilitoka kwa watu wa vipimo. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, katika nchi ya Marekani, walipiga chapa habari za jaribio walilolifanya. Waliwachukua wagonjwa 17 wenye ugonjwa wa Alzheimer, na watu 17 wenye afya, wakawaonyesha sinema za kuhuzunisha, na baadaye sinema za kufurahisha. Dakika chache baada ya sinema waliwauliza wameona nini. Wale wenye afya walieleza vizuri. Wale wagonjwa walikumbuka kidogo sana. Lakini walipoulizwa habari za moyo, yaani, wajionaje sasa, ikaonekana ya kuwa huzuni bado imo ndani ya wagonjwa, na furaha kadhalika, hata jaribio lilipokoma baada ya nusu saa. Na hili ndilo la kushangaza zaidi: wale waliokumbuka machache kabisa juu ya sinema ya huzuni ndio waliokaa na huzuni muda mrefu zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Sisi twadhani ya kuwa mtu ajuaye sababu ya huzuni yake anao mpini wa kuishikia. Hujiambia, "Ilikuwa sinema tu," akaiweka chini. Asiyejua sababu hana mpini. Huzuni imemkalia, naye hajui imetoka wapi. Tuseme mkamwana amemkemea bibi saa mbili asubuhi kwa kuwa alimwaga uji. Saa mbili na nusu bibi amenuna, asukuma kikombe, akataa kuvalishwa. Mkamwana asema, "Siku hizi bibi amekuwa mkorofi bila sababu." Sababu ipo, naye mkamwana ndiye aliyeileta, ila waliokuwapo wawili mmoja wao haijui tena. Mtu akilifahamu jambo hili hataweza tena kusema, "Mkemee tu, atasahau."

Lakini hatutaki kuliegemeza neno letu lote juu ya nusu saa ile. Tuseme nayo imepita; tuseme moyo nao umesahau, wala hapana alama iliyobaki. Je, hapo kazi yetu imekuwa bure? Mtu mmoja ataleta mfano wa mtoto mchanga, ya kuwa hapana msomaji wetu hata mmoja akumbukaye jinsi alivyobebwa mgongoni mwa mama yake, wala hapana asemaye ya kuwa kubebwa kule kulikuwa bure. Ni mfano mzuri, lakini hautoshi. Kwa maana mtoto hujengwa na yale asiyoyakumbuka, hukua kwayo, na mzee hakui. Tutafute mfano mwingine.

Tuufikiri uchungu. Mzee huyu aumwa na jino usiku. Kesho hatakumbuka ya kuwa aliumwa. Je, yuko mtu atakayesema, "Mwacheni aumwe, kwa kuwa atasahau"? Hapana. Hata yule mwenye jembe moja ataondoka kitandani amtafutie dawa. Sote twakubali ya kuwa uchungu uliosahauliwa ulikuwa uchungu kweli, na aliyeupunguza alitenda jambo kweli. Basi, ikiwa uchungu hauhitaji kukumbukwa ili uwe uchungu, kwa nini furaha peke yake idaiwe kukumbukwa ndipo iwe furaha? Hapo mizani yetu ina hila. Twapima mabaya kwa saa ile yanapotokea, na mema twayapima kwa saa ile yanaposimuliwa. Na mtu aliyepoteza masimulizi, kwa mizani hiyo, hawezi kupata jema lolote tena, lakini mabaya yote ayapata kama sisi. Hiyo si haki.

Twasema basi ya kuwa alasiri moja ya kuimba ni alasiri moja ya kuimba. Ilikuwapo.

Wenye falsafa nao wamelishindania jambo hili. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa utabibu katika Marekani, jina lake Andrew Firlik, aliandika habari za mwanamke mgonjwa aliyemwita Margo. Margo alikuwa akienda katika darasa la kuchora lililowekwa kwa ajili ya wagonjwa kama yeye, na kila mara alichora picha ile ile, kwa rangi nyepesi. Alikuwa na kitabu cha hadithi ambacho alionekana akikisoma, lakini kurasa zake hazikufuatana kutoka siku moja hata nyingine. Firlik alimwona kuwa mtu mwenye furaha kuliko wengi aliowajua. Mwaka 1993 mwanafalsafa Ronald Dworkin alilitia jambo la Margo katika kitabu chake, akauliza swali zito. Mtu aweza kuwa ameandika, angali na akili zake, ya kuwa akipatwa na ugonjwa huu asitibiwe magonjwa mengine. Je, lishikwe neno lake la kwanza, au itazamwe furaha yake ya sasa? Dworkin alijibu ya kuwa lishikwe neno la kwanza. Alitofautisha mema ya namna mbili: yale yaliyo matamu tu wakati wa kuyaonja, na yale ambayo mtu huyajengea maisha yake yote. Haya ya pili, alisema, ndiyo makubwa. Mwaka 1995 Rebecca Dresser, mwalimu wa sheria, alimpinga, akasema ya kuwa yatupasa kumtazama mtu aliye mbele yetu, maana yeye ndiye aumiaye na yeye ndiye afurahiye.

Ikiwa twaruhusiwa kutoa hukumu kati ya watu wakubwa kama hawa, twaona ya kuwa Dworkin ameshika jambo la kweli kwa mkono mmoja, na kuliangusha jingine kwa mkono wa pili. Kweli ni hii, ya kuwa mtu si alasiri moja tu. Mzee aliyekuwa mwalimu miaka 40, aliyevaa koti kila siku na kuchukia mzaha, hapasi kuvalishwa kofia ya karatasi na kupigiwa makofi eti kwa kuwa sasa acheka. Aongozaye wazee na aulize kwanza, huyu alikuwa nani? Alipenda nini, na alikataa nini? Lakini kuyahesabu mema ya sasa kuwa mepesi, hilo hatulikubali, kwa sababu tulizokwisha kuzisema.

Lakini neno lililotufaa zaidi ni la Agnieszka Jaworska, aliyeandika mwaka 1999. Alisema ya kuwa mgonjwa wa namna hii aweza kupoteza hadithi ya maisha yake, asijue lipi lilitangulia na lipi lilifuata, na bado akawa na uwezo wa kulithamini jambo. Yaani si kwamba apenda tu kitu kitamu. Bado aona ya kuwa jambo hili ni jema na jambo hili ni aibu. Bado aona fahari akisaidia. Bado aona haya akishindwa mbele ya watu. Kila mtu aliyekaa na wazee hawa amewaona: bibi asiyejua siku ya leo ni ipi, lakini mgeni akiingia, anyanyuka kumpisha kiti. Hilo si kumbukumbu tu la mwili. Bibi huyu ajua bado ya kuwa mgeni ni kitu cha heshima, naye ataka kuwa mtu ampaye mgeni heshima.

Hapo ndipo tunapoanza kupata njia kwa ajili ya waongozao. Maana ikiwa mzee bado aweza kuthamini, basi haitoshi kumpa kitu cha kupitisha saa. Atafutiwe jambo ambalo ndani yake ataona ya kuwa afaa.

Twajua ya kuwa watu husema uzee ni kurudia utoto. Usemi huu umefanya madhara mengi kuliko wanavyodhani wausemao. Mtoto hajui, naye ataka kufundishwa. Mzee alijua, na sehemu kubwa ya ajuayo bado imo, ila mlango umepinda na hafungui vizuri. Ampaye mzee mwanasesere na kumsemesha kwa sauti ya kubembeleza mtoto amekosea mlango. Tena amkosea adabu. Wala adabu hii si jambo dogo katika nchi zetu, kwa kuwa tunayo salamu iliyo bora kuliko mafundisho mengi. Ukisema, "Shikamoo, bibi," humdai akukumbuke. Humwulizi jina lako. Wamtaka awe mzee wako tu, naye hujibu, "Marahaba," na katika neno hilo moja amekaa mahali pake panapomstahili. Linganisha na salamu tuisikiayo kila siku kutoka kwa jamaa waliokuja kutoka mjini: "Bibi, wanijua mimi? Mimi nani? Hebu nitaje!" Jamaa wote wamekaa kimya wakingoja. Bibi atazama huku na huku. Huo ni mtihani, naye ameshindwa mbele ya wajukuu. Na tulikwisha kuona ya kuwa mtihani utasahauliwa, lakini aibu itakaa.

Jambo hili hili limekuwa kanuni katika kazi moja iliyojaribiwa sana. Huko Uingereza, mwaka 2003, Aimee Spector na wenzake walieleza habari za mikutano midogo ya wagonjwa wa kusahau: mikutano 14, mara mbili kila juma kwa majuma 7, watu wachache wakikaa pamoja na kiongozi. Watu 201 waliingia katika jaribio lile, wengine wakihudhuria mikutano na wengine wakiachwa katika desturi yao ya kila siku. Na wale waliohudhuria akili zao na hali ya maisha yao zilionekana kupata nafuu kuliko wenzao. Kila kundi hujichagulia jina na wimbo wake. Huzungumza habari za vyakula, habari za utoto, sauti, fedha, na mambo yanayotokea duniani. Na kanuni iliyo kuu ni hii: kiongozi aulize mtu aonavyo, asiulize akumbukavyo.

Mtu asiyezoea ataona ya kuwa tofauti ni ndogo. Si ndogo. Ukimshikia mzee ndizi na kumwuliza, "Hii yaitwaje?" liko jibu moja tu, na akilikosa ameshindwa. Ukimwekea mikungu miwili ya ndizi na kumwuliza, "Bibi, kwa mtori ipi yafaa?" hawezi kushindwa; atazishika, atazibonyeza, atakuambia ya kuwa hizi hazijakomaa, tena nani aliyezikata mapema hivi? Labda atakukemea. Naam, na akukemee! Ndiye ajuaye ndizi.

Watu wa Hai nao wameionja kazi hii. Wazee zaidi ya 30 katika wilaya ile waliingizwa katika mikutano ya namna hiyo hiyo, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 2017; nao walipata nafuu. Lakini haikuletwa kutoka Uingereza kama ilivyo. Ilibidi ibadilishwe, kwa kuwa wazee wengi hawakupata kusoma shuleni, na wengi macho yao na masikio yao ni hafifu; michezo ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi haikuwafaa, yakatafutwa mambo mengine ya kushika na kusema. Sisi twalipenda jambo hili sana. Kiongozi aliyeshika kitabu cha mafundisho na kukifuata ukurasa kwa ukurasa, huku wazee wasinzia, hakumwongoza mtu.

Kumbukumbu la mikono ni tofauti na kumbukumbu la maneno, nalo hukaa zaidi. Mwanamke wa pwani aliyesuka ukili tangu utoto, vidole vyake vyaweza kwenda vyenyewe siku ambayo jina la mwanawe halimjii. Kadhalika nyimbo. Mzee asiyeweza kumaliza sentensi moja aweza kuimba ubeti wote wa wimbo alioujua ujanani, na waliotumika na wazee katika nyumba ya Mungu hawana haja ya kuelezwa hilo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Cameron Camp, katika miaka ya 1990 alichukua njia za Maria Montessori, yule tabibu Mwitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akazigeuza zifae kwa wazee: kazi iwe ya kweli, ianze penye wepesi, vyombo vyake viwekwe mkononi, na maelezo yawe machache. Mwaka 2004 yeye na mwenzake walionyesha jambo ambalo twawaomba wasomaji walifikiri: waliwafundisha watu wenye ugonjwa huu, wale ambao bado haujawazidi, wawe ndio viongozi wa michezo kwa wenzao waliozidiwa. Nao waliweza. Basi yule aongozaye asidhani ya kuwa mahali pa mbele ni pake siku zote. Pengine kazi yake iliyo bora ni kuketi nyuma na kumpisha mzee.

Na kazi ikiwa ya kweli, iwe ya kweli mpaka mwisho. Tuseme bibi amebambua maharage, na katika sinia yamo maganda mengi, na maharage mengine yamemwagika chini. Wako watu ambao mara hiyo hiyo huichukua sinia na kuanza upya mbele ya macho yake. Afadhali wasingalimpa kabisa! Maharage yangeweza kungoja hata bibi alale. Au tuyapike hivyo hivyo, tuyaondoe maganda mezani. Hapana aliyekufa kwa ganda la haragwe.

Liko swali jingine lililo karibu na hili, nasi hatuwezi kulipita. Saa kumi jioni mzee asimama mlangoni, ataka kwenda kwa mama yake. Mama yake alizikwa miaka 50 iliyopita. Kiongozi aseme nini? Huko Ujerumani nyumba kadhaa za wazee zimesimamisha penye bustani kituo cha basi, chenye kibao na benchi, wala basi haliji. Mzee atakaye kwenda kwao huketishwa pale, hungoja, hutulia, na baadaye huingia ndani kunywa chai. Wengine huusifu werevu huu, na wengine huukataa kwa kuwa ni udanganyifu. Sisi twaona mashaka. Hatuwalaumu walioyafanya hayo kwa huruma, maana ni afadhali kuliko kufuli. Lakini mtu aliyekwisha kupoteza mengi, je, apoteze na haki ya kuambiwa kweli? Wala hatusemi aambiwe, "Mama yako alikufa," kila jioni, maana kila jioni atafiwa upya. Iko njia ya katikati, nayo si ya uongo. Aulizaye mama yake yuko wapi, mara nyingi aogopa, au ana baridi, au amechoka na mahali asipopajua. Kiongozi na amwambie, "Wamkumbuka mama leo. Njoo uniambie habari zake." Hilo ni kweli, lote pia. Na mzee husimulia, na mara nyingi mlango husahauliwa. Si kila jioni. Ziko jioni ambazo hapana neno lifaalo, na kazi ni kutembea naye mpaka kwenye mwembe na kurudi.

Tumesema habari za kiongozi kana kwamba yuko. Hapa ndipo penye uzito kwetu. Ujerumani, tangu mwaka 2008, sheria imewaweka watu wa kazi hii katika nyumba za wazee, watu ambao si wauguzi, kazi yao ni kuketi na wazee, kuimba, kusoma, kupika, kutembea nao. Nao hupata mafundisho ya saa 160 na majuma mawili ya kujaribu kazi, tena hulipwa mshahara. Katika vijiji vyetu kazi hiyo hufanywa na nani? Twajua sote. Hufanywa na mkamwana juu ya kazi zake nyingine zote, au na mjukuu wa kike, ambaye pengine alitolewa shuleni kwa ajili hiyo, na hapana aliyemwuliza. Husifiwa mazikoni. Twasema wazi ya kuwa jema lililo la kweli kwa mzee halihalalishi dhuluma kwa mtoto. Usharika ulio na akina mama 30 waweza kugawana alasiri za mzee mmoja bila mtu yeyote kuumia, na mjukuu yule akarudi darasani. Twasema alasiri, hatusemi kutazama dakika kumi na kuondoka.

Wakigawana hivyo, wana shida moja, ya kuwa yule wa Jumanne hajui yaliyompendeza mzee siku ya Jumatatu, wala mzee hawezi kumwambia. Kwa hiyo tumeona vema nyumba iwe na daftari moja, la kawaida, likae penye rafu karibu na chumvi, na kila ajaye aandike mistari miwili kabla hajaondoka. Asiandike sifa, aandike mambo. Ya kuwa leo alipenda kukaa penye jua, lakini si baada ya saa sita. Nyimbo za arusi azijua zote. Kahawa aitaka katika kikombe cha bati. Asiulizwe habari za mwanawe wa pili. Ukili mwekundu aushika, mweupe autupa. Akisema "twende", ataka kwenda haja.